Pale Motere Inapozimwa

Kwa watu wa Kilwa yetu ya ziwani, kupita na motere inanguruma juu ya ile boti iliyozama ni kutukana wafu. Ni boti ya chuma, ya tangu wakati wa Wabelgiji, na wote waliokuwa ndani wangali mule, isipokuwa mumoja. Serikali imeizungushia bidon za njano zinazoelea: nyavu hapana, nanga hapana, kufunga kamba hapana, samaki wanazalia mule. Ukifika unazima motere, unapiga kasia kimya, kisha unawasha tena.

Mwaka jana nilitoka Mantapala, ngʼambo ya ziwa, kuchukua samaki Kilwa, na mutoto wangu akashikwa na homa kule. Degedege ilimupiga mara mbili asubuhi moja. Lopitali kubwa iko Nchelenge, ngʼambo, basi tukapanda boti ya muzee mumoja. Upepo ulikuwa mukali, na tulipofika kwenye bidon, muzee mwenye boti akazima.

"Papa, unafanya nini? Washa!"

"Mama, haraka haraka haina baraka."

"Baraka gani, na mutoto anakufa?"

Akapiga kasia. Alipokuja kuvuta kamba ya motere, kimya. Akavuta tena, kimya. Eh Mungu wangu! Nilimutukana, mimi mukristu, matusi ambayo siwezi kuandika. Upepo ukaanza kutusukuma kwenye mawe.

Akafungua buji, ile inayowasha moto ndani ya motere, imelowa maji. "Boti ikiyumba hivi siwezi kuitengeneza," akasema.

Karibu nasi mulingoti wa boti ya chuma ulikuwa umechomoza majini. Nikanyakua kamba nifunge pale. Muzee akanikamata mukono.

"Hapo hapana, mama. Baba yangu iko mule. Alinisukumia dirishani, nikatoka mimi peke yangu."

Mutoto akaanza kutetemeka tena, macho yakageuka meupe. Nilijua sasa anaenda. Muzee akamuangalia, akaniachilia, akafunga kamba yeye mwenyewe.

"Baba, tushikilie kidogo," akaambia maji.

Kamba ikakaza, tukasimama. Akapangusa buji na shati lake, akairudisha, akavuta. Motere ikaitika. Lakini fundo halikufunguka. Akatoa kisu, akabaki nacho mukononi.

"Kata, papa. Nakuomba."

"Mara ya pili ninamuacha," akasema, akakata.

Katikati ya ziwa mutoto akaanza kulia, kilio cha nguvu kabisa. Muzee naye alikuwa analia. Sikumunyamazisha hata mumoja.