Maua Meupe ya Saa Tisa

Kisa hiki alinieleza shemeji yangu, mlinzi wa shamba la utafiti la chuo kikuu, Alhamisi iliyopita, na mpaka anamaliza alikuwa hajaamini. Mengine aliyapata kwa mwalimu mwenyewe.

Saa tisa alasiri. Mwalimu wa chuo, mama wa miaka hamsini na sita, anarudi mbiombio shambani kuchukua miwani aliyoisahau. Si saa zake hizo. Miaka kumi na tisa amekuja alfajiri tu, akapiga magoti, akaweka fremu yake ya mbao juu ya majani na kuhesabu maua, kisha akawahi kufundisha.

Anatafuta jambo moja: mimea miwili inayogombea udongo mmoja, mvua zikibadilika, itaishi pamoja au mmoja utaufukuza mwenzake? Majani yake hayatofautiani hata chembe. Hutambulika kwa ua, la njano au jeupe. Maua yaliyofumba aliyaandika kuwa ya njano, akidhani yamechelewa tu kuchanua.

Mwaka wa kwanza alihesabu meupe 412. Mwaka huu, saba. Akaandika kitabu kwamba jeupe linakwisha, na kwa kitabu hicho kesho anapewa uprofesa.

Anafungua geti, anaganda. Shamba lote jeupe, pe!

"Mzee!" anamwita mlinzi. "Haya yametoka wapi?"

"Haya? Mbona yapo, Mwalimu. Yanachanua ukishaondoka."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zianze kukosakosa. Miaka minane sasa."

"Na hukuniambia!"

"Mimi nilijua wewe uko zamu ya asubuhi. Nikasema ya alasiri yana mtu wake."

Mwalimu anakaa chini kama mzigo uliotuliwa. Anataka kulia, kinamtoka kicheko. Kisha anahesabu: 396. Hakuna lililofukuzwa, yamegawana saa: la njano asubuhi, jeupe alasiri.

Nyumbani, mumewe anasikiliza mdomo wazi.

"Mama watoto, si upewe kwanza? Useme keshokutwa."

"Nikishapewa nitasema? Unanijua mimi, au unanisikia?"

"Haya. Ila duniani ni wewe peke yako uliyekosea kwa kuamka mapema."

Anaandika barua kwa chuo, mistari sita: kitabu kina kosa, kosa ni langu, cheo kisubiri. Atahesabu upya misimu miwili, asubuhi na alasiri, na mlinzi atamshikia fremu.

Anaituma, anangoja simu ilie. Hailii. Mumewe anakoroma. Saa mbili na nusu tu usiku, mapema kuliko siku yoyote mwaka huu, Mwalimu naye analala.