Kiganja cha Mkaguzi

Nilipokuwa mkaguzi wa nyama katika kichinjio kimoja upande wa Chebunyo, mwenye bucha kutoka Mogogosiek alikuwa na tabia ya kupapasa kila nyama iliyoning'inia kwenye chumba cha baridi.

"Mzee, mikono yako inapaka nyama bakteria, na wengine hawaogopi baridi."

"Daktari, mimi naisalimia tu."

Siku moja nikamwambia abonyeze kiganja kwenye sahani ya maabara, ile yenye chakula cha bakteria. Akakubali, mradi nami nibonyeze yangu. Nilikuwa nimenawa kwa sabuni, basi nikabonyeza kwa madaha.

Aliporudi baada ya siku mbili, sahani yake ilikuwa na madoa machache ya bakteria walioota. Yangu ilikuwa imejaa kabisa. Mzee alicheka mpaka akashika ukuta.

"Daktari, hili shamba lako la chai liko tayari kuchumwa!"

Ndipo nikakumbuka kwamba baada ya kunawa nilifungua mlango wa chumba cha baridi, na kile kishikio hakuna aliyewahi kukiosha. Kuanzia hapo nilikiosha mwenyewe kila asubuhi. Mzee naye akakubali kuchagua nyama kwa kuonyesha kidole tu, bora mimi nisimguse yeye.