Mgongo wa Mama Mkwe

Kitanda cha hoteli ile ya Busia kilikuwa laini kupita kiasi. Kila nikijilaza nilihisi nazama. Nikawasha runinga, nikazima. Nikafungua dirisha, nikafunga. Mtu aliyezoea kupaka rangi bodi za malori kule Malaba, taulo sita unampa za nini?

Waandaaji wa maonyesho walikuwa wamempa kila mchoraji chumba kwa siku mbili. Picha zilitundikwa ukumbini, chini. Yangu ilikuwa ya mwanamke aliyewapa watazamaji mgongo, kikapu cha ndizi kichwani, akielekea soko la Khunyangu. Wageni waliniuliza mbona sikuchora uso. Niliwajibu kwa maneno makubwa ya kisanaa, uongo mtupu. Yule ni mama mkwe wangu, na kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Tukikutana njiani nainamisha kichwa mpaka apite. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, ninachokijua ni mgongo wake.

Na siku hiyo mke wangu alikuwa anamleta. Sikuwa nimemwambia ni picha ya nani. Mkwe asiyepaswa kutazama, kumbe ametazama hadi akachora! Mama akiona nimemvunjia heshima mbele ya watu, nyumbani kwake ningekanyaga tena vipi? Nilishuka ngazi, nikapanda, nikashuka tena. Niliogopa, niseme tu.

Dada wa mapokezi akanizidishia balaa kwa ukarimu wake. "Boss, mama yenu amefika. Tumempa rumu next na yako, mtakuwa mnapiga stori."

Mimi na mama mkwe tulale chini ya paa moja! Nilipanda mbio, nikakusanya nguo zangu. Afadhali nirudi Malaba, hoteli abaki nayo yeye.

Niliposhuka na mfuko, mke wangu na mama yake walikuwa wamesimama mbele ya picha yangu. Nikajibanza nyuma ya nguzo. Mama akaisogelea picha.

"Huyu ni mimi," akasema.

"Mama, na uso hata haiko?"

"Ni mimi. Uliza bwana yako, alijuaje hii bega inaniuma."

Nilikuwa nimelichora bega la kushoto limeshuka, kwa sababu ndivyo nilivyoliona kila mara. Sikujua kitu.

Mke wangu alishtuka. "Inakuuma? Tangu lini? Mbona hujawahi niambia?"

"Tangu uolewe," mama alisema, bila hasira. "Ni wewe ulikuwa unanitwisha kikapu. Siku hizi najiinulia."

Mke wangu alimkumbatia, akalia waziwazi mbele ya wageni wote. Mimi niliyemchukua binti yake nilitaka kutoka nimwombe radhi ana kwa ana, na kwetu hilo halifanyiki.