Mkweli Naye Huhitaji Wakili

Nakumbuka asubuhi ile niliposimama katikati ya njia, kanga nimeifunga kiunoni, mbele yangu lori la kubeba udongo, dereva anapiga honi na mimi sisogei. Mwanangu, umeniambia umeitwa kituoni kwa sababu ya maneno uliyomwandikia mtu kwenye simu, na kwamba utakwenda peke yako kwa kuwa huna hatia. Kaa kwanza. Nami sikuwa na hatia, au nilidhani hivyo, na mpaka leo yako mambo katika kisa kile ambayo sijayaelewa sawasawa.

Wakati huo nilikuwa na watoto wawili, damu bado ina moto. Tulikaa upande wa Chara, kwenye kiinuko alichorithi mume wangu. Sisi watu wa mtoni unatujua: Tana ikifurika, kiinuko ndiyo roho yako. Sasa akaja mkandarasi wa barabara, akaambiwa na sijui nani kuwa udongo wa pale ni mzuri, na mashine zake zikachimba nusu ya kiinuko chetu wakati sisi tuko msibani Garsen. Tulirudi siku ya tatu tukakuta shimo la kumeza nyumba.

Nilipeleka barua ofisini kwao. Kimya. Nikapeleka ya pili. Kimya. Ndipo asubuhi ile nikasimama njiani nikamwambia msimamizi wao, "Fukieni shimo hili na mtulipe udongo wetu. La sivyo, hakuna lori litakalopita hapa." Nikasema na maneno mengine, hayo nitakwambia mbele. Yeye alikuwa ameshika simu. Nilidhani anatafuta namba ya mkubwa wake. Kumbe ananirekodi.

Haikupita wiki nikaitwa kituoni, nikaambiwa nashtakiwa kwa kudai mali kwa vitisho, kwa nia ya kuiba. Kuiba! Nilimwomba askari arudie, akarudia, na bado maneno hayakuingia. Aliyechukuliwa udongo ni mimi, anayeitwa mwizi ni mimi. Yule askari, namshukuru, aliniambia wazi kuwa naweza kunyamaza na kwamba nina haki ya kuwa na wakili. Nikamcheka. "Mkweli wakili wa nini?" nikamjibu. Nikakaa kitini nikasema mpaka koo likakauka: hasira yangu, barua zangu, na kwamba nilitaka walipe wapende wasipende. Akaandika, akanisomea, nikatia sahihi. Nilitoka pale nimejisifu, mwanangu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini mimi nilikuwa bado sijasikia maumivu.

Siku ya kufika mahakamani, nje ya lango, akanijia mtu nadhifu, ana tai na mkoba. Akasema yeye ni wakili na kesi kama yangu anazimaliza kila wiki. "Kubali tu kosa, mama. Hakimu atakuhurumia, na jioni utapika kwako." Nikamwamini. Si kwa ujinga tu. Ni kwamba kichwa kilikuwa kimevurugika, nataka mtu yeyote aniambie la kufanya. Ukipotea porini, hata njia ya fisi utaifuata.

Aliyeniokoa ni baba mkubwa wa mume wangu, Mzee Hiribae. Alikuwa karani wa mahakama miaka mingi kabla ya kustaafu, na siku hiyo alikuja kunisindikiza. Alimsikiliza yule mtu mpaka mwisho, kisha akamuuliza kwa upole kama anaweza kumwonyesha cheti chake cha uwakili cha mwaka huu. Yule bwana akapekua mkoba, akasema amekisahau kwenye kituo cha basi, akaenda kukitafuta. Hatukumwona tena.

Mzee akanigeukia. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniuma. "Habona, ukivunjika mguu utamwita fundi baiskeli? Kukubali kosa ni neno moja, mwanangu. Kulifuta ni miaka. Na huko kituoni, nani alikutuma ukajitetee mwenyewe? Mganga hajigangi."

Basi siku hiyo nikakana shtaka, nikaomba muda wa kutafuta wakili, hakimu akaniruhusu na kuniachilia kwa dhamana.

Wakili tuliyempata alitoka Malindi, binti mdogo kwangu kwa umri, jina lake Zuhura. Alikuja na daftari, akakaa nami akaniuliza polepole. Nani alikuwepo? Barua ziko wapi? Zilipigwa mhuri wa kupokelewa? Nikashangaa, nilitaka aulize kuhusu uchungu wangu, yeye anauliza mihuri. Mwisho akasema, "Mama, kuna neno jingine lolote ulilomwambia yule msimamizi?"

"Hakuna," nikasema.

Lilikuwepo. Niliogopa akilisikia ataniona mtu mbaya na kuniacha. Hebu fikiria: askari ambaye si wangu nilimmwagia yote, na wakili wangu mwenyewe nikamficha.

Siku ya kusikilizwa, upande wa mashtaka wakatoa simu ya yule msimamizi, na sauti yangu ikajaa chumba kile: "Lori likipita hapa nitalichoma moto, na wewe ndani yake!" Mwanangu, sikuitambua. Niligeuka kumtafuta mwanamke anayesema vile. Kisha mwendesha mashtaka akasoma karatasi niliyoitia sahihi, pale niliposema walipe wapende wasipende, akaisoma tena. Zuhura aliweka kalamu mezani taratibu. Akasimama, akaomba kesi iahirishwe.

Nilidhani ataniaga. Nje kwenye benchi akasema, "Mama, mimi si hakimu wako. Hata kama ungekuwa umechoma, bado ningekutetea. Lakini siwezi kukukinga na kitu nisichokijua." Mzee Hiribae akaongeza kidogo tu: mficha uchi hazai. Nikalia, na nikasema yote, mpaka kibiriti kilichokuwa kwenye fundo la kanga.

Kuanzia hapo ndipo alipoanza kufanya kazi. Aliomba mahakama iagize rekodi yote iletwe, si kile kipande tulichosikilizishwa. Ilipoletwa, akasikika msimamizi, kabla ya maneno yangu, akicheka, akisema mafuriko yakija tutajua kuogelea. Nikasikika nikitaja barua zangu mbili, na barua zikatolewa na mihuri yake. Zuhura akaeleza kuwa mtu anayedai kile anachoamini ni chake hawezi kusemwa ana nia ya kuiba. Hakimu aliniachilia. Lakini kwanza alinikemea mbele ya watu wote kwa yale maneno ya moto, na nilikemewa kwa haki.

Shimo walilifukia nusu, wakahama. Madai ya udongo yakawa kesi nyingine, ndefu. Na mimi nimebaki na swali ambalo hakuna wakili wa kunijibu: lile lori lingesogea, ningewasha kibiriti? Sijui. Nimezeeka sijui.

Kwa hiyo sikiliza. Kituoni nenda, na uende kwa adabu. Taja jina lako, kisha useme utaeleza mengine wakili wako akiwepo. Kunyamaza si kukiri. Usifute ujumbe hata mmoja, na usimpigie aliyekushtaki kumbembeleza, utaongeza kuni. Wakili mtafute kwa kuuliza watu, na cheti umwombe bila haya. Aliye wa kweli hatakasirika. Kama uwezo huna, mwambie hakimu hivyo waziwazi, ziko njia za kusaidiwa. Usikubali kosa usilolielewa kwa sababu tu umechoka na unataka kurudi nyumbani. Na ukishampata wakili, mpe yote, hasa lile linalokutia aibu. Ndilo atakalolihitaji kwanza.

Mungu akupe ulimi mzito mbele ya wengi, na mwepesi mbele ya anayekutetea. Akukutanishe na watu wa kweli mlangoni. Na hata ukitetemeka, mwanangu, akusimamishe wima mpaka jina lako lisomwe na ulisikie likiwa safi.