Kuni za Kibanda cha Juu ya Ulaya

Enzi zetu breki ya baiskeli ilikuwa mguu. Mjomba wangu wa Kimamba, mkata mkonge, akitaka kusimama alikandamiza tairi kwa katambuga, kiatu cha tairi la gari, mpira ukanuka hadi kwa jirani. Siku moja katambuga ikakatika, akaingia na baiskeli kwenye shughuli ya watu, sufuria ya pilau chali. Wakamlisha hivyo hivyo. Lakini simsemi mjomba. Nasema baiskeli ile haikupanda mlima, ndiyo maana kwa bibi tulikwenda kwa miguu kupitia kijiji cha Ulaya, si ile ya Wazungu, na mlima ule huumalizi kwa siku moja ukiwa na watoto.

Katikati palikuwa na kibanda. Hakina mlinzi, hakina kufuli, hakina mwenyewe. Udongo, nyasi, mafiga matatu, harufu ya moshi na popo. Kwenye kona, kuni kavu. Sheria moja tu: ukizikuta, washa, ukiondoka, acha nyingine. Safari moja mvua ilitupiga toka bondeni. Mdogo wangu Mwajuma alifika mgongoni kwa mama, midomo rangi ya majivu, hata kulia hawezi. Baba akaziwasha zile kuni. Mama alimgeuza mtoto motoni kama hindi mpaka akalia, na mama naye akalia. Aliyeziacha hatukumjua. Asubuhi, kabla ya uji, baba alishika panga. "Wanaotufuata nao wana watoto," alisema.

Sasa kibanda kina bati. Majuzi vijana wa Mikumi, mjukuu wangu akiwemo, waliniomba niwaongoze. Mizigo yao sasa! Mito ya kupuliza, spika, maji ya dukani, na kijito kinapiga kelele pale pale. Kona nzima ya kuni waliichoma wakicheza muziki. Kulipokucha wakajipiga picha, eti wamelala porini. Porini! Chini ya bati!

Wingu zito lilikuwa linakuja. Bondeni nikamwona mama mmoja anapanda, mtoto mgongoni.

"Haya mashujaa, kakusanyeni kuni kabla mvua haijafika."

"Za nini, babu? Si tunaondoka?"

"Za yule kule."

"Kwani yeye hana gesi?" akasema mjukuu wangu. Wakacheka hadi wakashikana mabega. Mmoja akaelekeza simu usoni kwangu: "Babu, rudia hapo, hiyo itatrendi!"

Sisi hatukuwa na simu wala mito ya upepo. Tulikuwa na viroboto. Lakini hakuna aliyeikuta kona ile tupu.

Nikachukua panga, nikakata matawi makavu, nikayaingiza ndani mzigo kwa mzigo, wao wananipiga picha. Kona ilipojaa nikashika fimbo yangu, nikaanza kushuka.

"Babu! Unatuacha? Njia hatuijui!"

Nilipishana na yule mama chini kidogo, akaniamkia, "Shikamoo." Nikaitikia, "Marahaba, mwanangu, kuni zipo." Sikugeuka nyuma, na mlimani kule sijakanyaga tena.