Insha Niliyoibandika Ukutani

Nilipopangiwa kazi Igawa, miaka ya sabini, nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, binti wa Walutheri wa Iringa, sijazoea joto la Usangu wala vumbi la malori ya barabara kuu. Nilipewa darasa la tano. Chuoni walitufundisha kwamba darasa zuri lina gazeti la ukutani, na neno hilo nililishika kama katekisimu.

Pini hatukuwa nazo. Tulipigilia magunia kwenye ukuta wa barazani, wanafunzi wakaleta miiba ya migunga, tukachomeka karatasi zetu humo: ratiba ya wiki, zamu za kufagia, mchoro wa mpunga na mizizi yake, habari za shamba la shule, siku ya mkutano wa wazazi. Watu waliokuwa wakienda gulioni walisimama kutazama. Kona ya juu niliitenga kwa insha bora.

Alikuwapo msichana mmoja, mtoto wa wafugaji waliohamia kutoka Usukumani. Baba yake alikuwa mbali akichunga ng'ombe sehemu kubwa ya mwaka. Mama yake nilimfundisha pia, maana mchana baada ya watoto kutoka nilikuwa na darasa la kisomo cha watu wazima, na yeye ndiye aliyekuwa hodari kuliko wenzake. Miezi michache tu, akawa anasoma sentensi nzima.

Siku moja niliwapa darasa la tano insha, "Nyumbani Kwetu". Wengi waliandika kuhusu kuku na mahindi. Yule msichana aliandika hivi: "Barua ikija kutoka kwa wajomba, mama huishika mbele ya majirani, hutikisa kichwa, husema, 'Hawajambo wote.' Halafu huniita jikoni nimsomee, kwa sababu bado hajui kusoma barua. Siku moja alisema hawajambo wote, na barua ilisema bibi amefariki. Mama alilia jikoni. Majirani walimaliza siku mbili hawajui kama tuna msiba."

Niliisoma mara tatu. Nilikuwa nimepata insha, tena juma lile lile tulilotarajia mkaguzi wa elimu. Nikamwita msichana, nikampa karatasi kubwa ainakili kwa hati nzuri. Kesho yake aliileta. Ile habari ya barua hakuiweka. Alikuwa ameandika kwamba mama yake anapika wali mtamu.

"Mbona umeacha sehemu ya barua?" nilimuuliza.

Akainama. "Mwalimu, ile ni ya kusoma wewe tu."

"Lakini ndiyo uzuri wenyewe. Na sasa mama anajua kusoma, aibu iko wapi? Andika tena."

Hakubisha. Wakati ule mtoto hambishii mwalimu. Aliandika tena, palepale mbele yangu, na mimi mwenyewe nikaichomeka.

Mkaguzi alifika mchana, akina mama wakiwa wanakusanyika kwa kisomo. Alisimama mbele ya gazeti letu akalisifu. Nami, kwa kutaka sifa zaidi, nikamwambia, "Hata wanakisomo wetu wanaweza kulisoma." Nikamwita yule mama. "Mama, hebu msomee mgeni insha ya mwanao."

Nilikuwa nimesahau? Nimejiuliza swali hilo maisha yangu yote. Sikusahau. Niliona tu mkaguzi, nikajiona mimi.

Alifurahi alipoona jina la mtoto wake. Akaweka kidole kwenye karatasi, akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, wenzake wakiwa nyuma yake. Alisoma habari ya nyumba, akasoma habari ya ng'ombe, akafika kwenye barua. "Hu-ti-ki-sa ki-chwa, hu-se-ma..." Kidole kikasimama. Nyuma yake mwanamke mmoja, ambaye naye alikuwa na hamu ya kuonyesha alichojifunza, akamalizia kwa sauti ya furaha: "Hawajambo wote!" Wengine wakacheka kabla hawajaelewa, na walipoelewa, baadhi waliendelea kucheka.

Yule mama alishusha mkono. Alimuaga mgeni kwa adabu, akachukua kikapu chake, akaondoka. Mkaguzi akaniambia, "Mwalimu, hongera." Nikasema asante.

Juma zima hakuja. Kisimani watu walishaanza kuamkiana, "Hawajambo wote?" na kucheka. Niliitoa ile karatasi, kisha nikaenda kwao. Alinikaribisha kigoda, akanipa maziwa.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba, mwalimu. Kunywa maziwa."

"Niliona ni insha nzuri sana."

"Ni nzuri," alisema. "Na mtoto hana kosa, aliandika ulichotaka. Ila ungeniuliza. Nyumba ni hapo tu, ungekuja kama hivi ulivyokuja leo."

Nilimwomba arudi darasani, akasema atatazama. Hakurudi tena. Tukikutana gulioni alinisalimia vizuri, akanichagulia mchele safi, na wema wake ulinichoma kuliko kama angenitukana.

Msichana naye aliendelea kuandika insha. "Ng'ombe ni mnyama wa kufugwa. Ana miguu minne na mkia mmoja." Hakukuwa na kosa hata moja la kusahihisha. Hadi alipomaliza darasa la tano, sikupata kutoka kwake sentensi nyingine yenye mtu ndani yake.

Mwaka uliofuata nilipata uhamisho niliokuwa nikiuomba, kwenda Ipogolo, karibu na kwetu. Barua ya mkaguzi ilisema nimechaguliwa kwa sababu ya gazeti langu la ukutani, nikawafundishe na wenzangu. Nilisimama mbele ya walimu, nikawaeleza: ratiba, zamu, michoro, habari za shamba, matangazo ya wazazi. Nilipofika kwenye insha nikasema, "Kabla ya kuibandika, mwulize mtoto, na mzazi wake pia."

Mwalimu mmoja mzee akauliza, "Kwa nini? Si kazi ya shule?"

Walikuwa wakinitazama wote, na barua ya mkaguzi iko mezani.

"Ni adabu tu," nilijibu, nikaendelea na jambo jingine.