Nilivyoinama Mbele ya Mzee wa Mti, Japani

Wazee wa kanisa letu pale Tawa walinipa muda hadi mavuno: niache kuchonga sanamu za watu, la sivyo nitolewe kwenye ushirika. Tayari walikuwa wamenikalisha benchi la nyuma pamoja na walevi na wenye wake wawili.

"Chonga twiga, Kioko," aliniambia Mzee Mbithi, kiongozi wao. "Leo unachonga mtu, kesho watu napigia yeye magoti."

Nilikasirika. Twiga nimechonga hadi nimewachukia. Basi Bwana Sato, Mjapani aliyenunua vinyago vyetu, alipotaka fundi wa kuchonga mbele ya wateja kwao, nilidakia. Nikamwahidi Mzee Mbithi nitaangalia kama kule sanamu huabudiwa, na kweli nitaisema.

Emali nilifika kwa lori la maharagwe, nikangoja gari moshi la Mombasa nikipiga hatua huku na huku. Mama muuza maziwa alinicheka. "Wewe, keti! Kwani hiyo treni unavuta na miguu?"

Melini ilikuwa hivyo hivyo. Nilitapika, nikachonga, nikatapika tena. Mawazo yalikuwa kwenye lile benchi.

Japani, siku ya kwanza ya mapumziko, Bwana Sato alinipeleka makumbusho ya historia na sanaa ya mji wao. Yeye aliuza vitambaa Mombasa kabla ya vita, na Kiswahili bado anacho. Tulipita majembe ya kale, nyungo, na picha za mji kabla haujaungua vitani. Nilikwenda mbio.

"Pole pole, bwana," alisema. "Vitu hivi havikimbii."

Chumba cha mwisho alisimama mzee aliyechongwa kwa mti, mchi mikononi, akitwanga mchele. Fundi alikuwa ameacha alama za tezo mgongoni, hakuzisugua. Nilimpenda papo hapo. Watu walikuja, wakatazama, wakaenda zao. Hakuna aliyeinama. Furaha ikanijaa, nikajua kesi nimeshinda.

Kisha bibi mmoja akaingia, akaweka kikapu chini, akainama hadi kiunoni.

Moyo ulinianguka. "Anaabudu?" nikamuuliza Sato.

Akazungumza naye kidogo. "Anasema baba yake ndiye aliyemchonga mzee huyu. Alikufa vitani, kaburi hakuna. Anakuja hapa kumsalimu baba."

Bibi alinitazama, akaona mikono yangu yenye makovu ya tezo. Kwetu mtu akimsalimu mzee wake, wewe hupiti kimya kama mbuzi. Nami nikainama.

Safari ya kurudi ilinitesa kuliko ya kwenda. Nani angejua? Toka Mombasa hadi Emali nilijaribu uongo wa kila namna, na wote ulikuwa mtamu.

Tawa, baada ya ibada, wazee waliniita.

"Haya, uliona watu nainama?" aliuliza Mzee Mbithi.

"Niliona mmoja."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa wa pili."

"Asi!" mzee mmoja akashika kichwa. Nikawaeleza habari za yule baba asiye na kaburi. Walisikiliza hadi mwisho, kisha wakanitoa kwenye ushirika.

Nilijifunza kwamba kusalimu si kuabudu, na kwamba kulijua hilo hakukurudishi ndani. Iliniuma, na bado inauma. Jumapili iliyofuata niliketi nje ya kanisa, mgongo ukutani. Wimbo ulipoanza niliitikia kwa sauti yangu nzito kutoka huko huko nje, na ndani hakuna aliyeniambia ninyamaze.